Mafuta ya Ufuta Kwenye Ringi

Zuhura alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Nachingwea nachambua mbaazi, akasema mama ametutoka, wamemzika jana baada ya alasiri. Nikatoa pole kama pole zinavyotolewa. Nikauliza aliumwa nini, akasema uzee tu, dada, alilala akiwa anaongea akaamka haongei, hata siku tatu hazikupita. Nilipokata simu nilijikuta nimeingia stoo, nimesogeza ndoo ya rangi iliyokauka na magunia ya korosho ya msimu uliopita, nikatoa vyuma viwili bapa, kila kimoja na urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja, ncha zake zimepinda kidogo. Wanangu wanadhani ni vya kung'olea misumari. Ni vyuma vya kuvulia tairi. Sijavitumia miaka mingi, maana siku hizi ukipata pancha unamwita kijana wa bodaboda akupeleke kwa fundi, lakini sijawahi kuvitupa, na kila nilipohama nilivifunga kwenye gazeti nikavipakia pamoja na vyombo vya jikoni.

Bi Somoe, mama yake Zuhura, hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mwenye nyumba wangu kwa mwaka mmoja, kule Nambilanje, nilipokuwa bibi shamba mpya mwenye miaka ishirini na mitatu na cheti ambacho kilikuwa bado hakijakunjwa. Ofisi ilinikabidhi pikipiki ndefu ya porini, aina ile tuliyoiita trel, yenye tairi za meno makubwa na kiti kilichonifika kiunoni, wakanipa na kofia ngumu ya kichwa kikubwa kuliko changu, wakanionyesha barabara. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, na mlango wake ulitazamana na jiko la Bi Somoe. Kati ya mlango wangu na jiko lake palikuwa na uwanja alioufagia kila alfajiri. Hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu, kwa sababu mtu mpweke huhesabu kila kitu. Ndani nilikuwa na kitanda cha kamba, taa ya chemli, dumu la maji, redio iliyokamata stesheni moja tu tena kwa kubembelezwa, na pikipiki yenyewe, maana niliogopa kuilaza nje. Nililala na harufu ya petroli kana kwamba nimeolewa na kituo cha mafuta.

Sitaki kujifanya kwamba watu wa pale walinitenga. Waliniamkia, walinikaribisha, walinipisha kwenye foleni ya kisima. Lakini wao kwa wao walizungumza Kimwera, na Kiswahili walikitoa kama kiti cha mgeni, kikifutwa vumbi kwanza, na mimi nilikuwa na ule ugonjwa wa vijana waliosoma kidogo, wa kudhani kila kicheko nisichokielewa kinanihusu. Nilitoka milima ya kaskazini, mahali ambapo mtu akifunga mlango wake anaachwa. Nikafunga wangu. Jioni nilirudi kutoka mashambani, nikaingiza pikipiki, nikasukuma komeo, nikawasha redio, na ndivyo siku ilivyoisha. Miezi minne ya kwanza sidhani kama nilitamka sentensi mia moja zisizohusu mikorosho.

Kila magharibi Bi Somoe alivuka uwanja na bakuli la bati lililofunikwa kwa sahani. Ugali wa muhogo na mbaazi, au kisamvu, au samaki mkavu aliyeungwa karanga. Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, kifupi, kisicho na mapambo. "Kula," alisema. "Ntu hali peke yake." Nilishukuru, nikala peke yangu, na asubuhi nikalirudisha bakuli lake limesuguliwa kwa mchanga likang'aa, nikaliweka kizingitini pa jiko kabla hajaamka ili nisimsumbue. Niliona huo ndio ustaarabu. Hakuna aliyenieleza kwamba bakuli la jirani halirudi tupu, kwamba hata nyanya mbili, hata chumvi ya kufumbata kiganjani, inatosha kusema kwamba na mimi nipo. Hilo nalo si la kuelezwa, linaonekana kwa macho, na macho nilikuwa nayo.

Jioni moja nilimsikia jirani yake akimtania huko jikoni, na safari hii kwa Kiswahili, labda kwa sababu alitaka nisikie. "Somoe, nwali wako huyu atatoka lini?" Wakacheka wote wawili. Mwali, kwa asiyejua, ni binti anayefungiwa ndani kufundwa, analetewa chakula mlangoni, haonekani na watu mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Nilikaa kitandani na bakuli mapajani, uso unaniwaka moto. Niliona wamenifanya kichekesho. Sikusikia jibu la Bi Somoe, maana nilikuwa nimeongeza sauti ya redio.

Jambo moja tu nililifanya nje ya mlango wangu, mchana kweupe, mbele ya watu, nalo ni kubadilisha tairi. Njia za kule zina miba inayoweza kutoboa hata nia njema, na fundi wa karibu alikuwa Ruangwa mjini, safari ya nusu siku ikiwa mchanga umekubali. Pancha ya kwanza niliisukuma mpaka kwa fundi huyo, kijana mmoja aitwaye Saidi, aliyenitazama nilivyoloa jasho akanihurumia. "Sista, utakufa na hii kitu," akasema. "Kaa hapo nikufundishe." Akaniuzia vile vyuma viwili, spana mbili, pampu ya baiskeli, viraka na solusheni, na tyubu moja ya akiba. Akanifundisha kwa mikono, akivua na kurudisha, kisha akaniachia nivue na kurudisha mwenyewe mara tatu huku wateja wake wakipiga soga. Halafu akanionyesha tundu kwenye ringi ya nyuma. Palitakiwa pawe na bolti inayoibana tairi isizunguke peke yake, lakini yangu ilikuwa imeshapotea kabla sijakabidhiwa. "Kwa hiyo sikiliza. Kulainisha tairi ni maji ya sabuni tu. Sabuni inakauka, inashika. Mafuta usiguse. Mafuta hayakauki, tairi itateleza juu ya ringi, itang'oa valvu, na valvu iking'oka hakuna kiraka. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa, ndiyo maana sina pa kujificha.

Basi nilijifunza. Niliiegemeza pikipiki juu ya kinu kilichopinduliwa, ambacho Bi Somoe alikitoa bila kuulizwa, nikalegeza nati, nikachomoa ekseli, nikavua mnyororo, gurudumu likaanguka mikononi mwangu likiwa zito. Unatoa upepo wote kwanza. Kisha unapanda juu ya tairi kwa visigino, unarukaruka kidogo, mpaka ukingo wake uachie ringi. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanatumia nguvu. Siri ni kwamba katikati ya ringi kuna bonde, na ukiikanyagia tairi upande wa pili iingie kwenye lile bonde, upande wako inalegea yenyewe; unaingiza chuma cha kwanza, unakilaza, unakikalia kwa goti, unaingiza cha pili hatua ndogo mbele, kidogo kidogo, kama mtu anayemenya muhogo wa kuchoma bila kuuvunja. Unavuta tyubu nje. Unapitisha vidole ndani ya tairi taratibu kuutafuta mwiba uliofanya kazi hiyo, na ukiupata unauweka mfukoni, hata sijui kwa nini, lakini mimi nilikuwa na kopo zima. Kurudisha ni kinyume chake, na kipande cha mwisho, urefu wa kiganja, ndicho kinachotoa machozi. Hapo ndipo povu la sabuni linapohitajika. Ukijaza upepo, ukingo unaruka kwenye nafasi yake kwa mlio, pa, na watoto wanapiga makofi. Bi Somoe alikuwa akitoka na kigoda chake, anakaa hatua chache, anapeta ufuta au kuchambua mboga. Siku hizo nilijiona sina upweke, na sikujiuliza ni kwa nini.

Mwezi wa saba mikorosho ilianza kutoa maua. Mkulima wa korosho anajua hofu ya wakati huo. Ukungu mweupe unaoitwa ubwiriunga ukiyavamia maua hakuna korosho, na dawa yake ni kupuliza salfa ya unga mapema, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Bi Somoe alikuwa na mikorosho kumi na sita nyuma ya nyumba, na mwaka ule ilikuwa imebeba maua mpaka matawi yanainama. Nyasi za paa zilikuwa zimechoka, chumba chake kilivuja, changu pia. Alikuwa akiitazama ile mikorosho asubuhi, mswaki mdomoni, anasema neno moja tu: "Bati." Lakini siku gari la salfa lilipopita kijijini yeye alikuwa Marambo kwenye msiba wa dada yake, akarudi akakuta wenzake wamegawiwa, yake imebaki kwenye ghala la Ruangwa. Bomba la kupulizia lilikuwa moja, la kuzungushwa kijiji hadi kijiji, na kwetu lingefika Jumamosi, asubuhi moja tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ijumaa nitaenda Ruangwa kuuchukua mfuko wake, nitaufunga kwenye keria, Jumamosi alfajiri tutapuliza. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama katikati ya uwanja, na naona lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kumpa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu," akasema. Jioni ile bakuli lilikuja na chupa ya mafuta ya ufuta, mapya, aliyoyatwanga na kuyachemsha na kuyaengua mwenyewe, ya rangi ya asali.

Alhamisi jioni nilikuta tairi ya nyuma imelala. Mwiba ulikuwa umepita kwenye kiungo, tyubu imechanika vibaya, nikaamua kuweka ile ya akiba. Nilivua vizuri, nikafika kipande cha mwisho, nikaingia ndani kuchukua sabuni. Lilikuwa limebaki ganda la mwisho, jembamba kama ukucha, na nilikuwa sijaoga. Nilisimama mlangoni. Ng'ambo ya uwanja moshi ulikuwa ukitoka jikoni, namsikia Bi Somoe na jirani yake wakiongea, wakicheka. Nilichotakiwa kufanya ni kuvuka hatua ishirini na mbili, nibishe hodi, niseme, mama, naomba sabuni. Lakini nilikuwa sijawahi kuomba kitu pale. Niliona wataacha kucheka, watanitazama, halafu nikiondoka wataanza tena. Nwali katoka. Nikageuka, macho yakaiona chupa ya mafuta mezani, na nikajiambia maneno ambayo hata sasa nayasikia: mara moja tu. Tairi iliingia kwa ulaini ambao sijawahi kuuona. Nilijisifu.

Kwenda Ruangwa hakukuwa na tatizo, sikuwa na mzigo. Nilichukua mfuko, nikaufunga kwa mipira, nikageuza. Nusu ya njia ya kurudi kuna mteremko wa mchanga unaoishia kwenye korongo kavu, na ukitoka korongoni unapanda. Niliongeza moto ili nipande, uzito wote uko nyuma, na nikahisi pikipiki inanguruma bila kwenda, kama mtu anayekimbia juu ya mkeka unaovutwa. Kisha gurudumu likakaa chini. Niliposhuka nikaona shina la valvu limelala upande, limeng'oka kwenye tyubu. Simu zilikuwa hazijafika kule. Nilikaa chini nikaitazama ringi, inang'aa, vumbi limenata kwenye ukingo wa tairi kwa mstari mzuri wa kahawia, na nikalia kwa hasira. Kisha nikaanza kusukuma. Nilisukuma mpaka magoti yakakataa, nikalala kwa familia ya mwalimu mmoja kando ya njia, nikaendelea alfajiri. Kwa mbali niliisikia injini ya bomba la kupulizia, inalia, inanyamaza, inalia shamba jingine. Nilipofika saa nane mchana lilikuwa limeshapakiwa kwenye trekta, limeondoka.

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mikorosho yake. Hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyesema, haraka haraka, kabla hata ya shikamoo: "Tyubu ilikuwa mbovu, mama. Wameniuzia tyubu mbovu." Akasema, "Pole, mwanangu. Umechoka." Akanipa maji. Nilipoweka gurudumu barazani kulivua alikuja akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tairi, akakinusa, akakifuta kwenye kanga. Nikaendelea kulegeza nati ya valvu ambayo ilikuwa imeshalegea. Sikutaka kujua kama amejua.

Tulijaribu bila bomba. Alfajiri ya Jumapili tulifunga salfa kwenye kipande cha kanga kuukuu, tukakining'iniza kwenye ncha ya ufito mrefu, tukaenda tukitikisa chini ya kila mkorosho, mimi natikisa, yeye ananielekeza kwa kidole, juu, kushoto, tena. Unga ulifika matawi ya chini tu. Mwingi ulitumwagikia sisi, ukaingia machoni, na salfa machoni si mchezo. Nililia sana asubuhi ile na nikaisingizia salfa. Wiki tatu baadaye maua ya juu yalikuwa meupe kama yaliyonyunyiziwa majivu, kisha yakawa meusi, kisha yakaanguka. Alipata korosho za matawi ya chini, za kujaza debe na kitu. Bati hazikuja. Mvua zilipoanza alisogeza kitanda chake mara mbili, akaweka sufuria mahali kilipokuwa. Muhogo ulipokwisha mwezi wa kwanza akaanza kwenda porini na jembe kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vinavyowavusha watu wa Lindi miezi ya njaa. Na kila magharibi bakuli lilivuka uwanja, limefunikwa, lina ming'oko mitano ndani. Niliila. Nilijua ni kwa nini ni ming'oko na si ugali, na niliila.

Kuna jambo jingine la miezi ile ya mwisho. Pancha iliyofuata, nilipofika kwenye kipande cha mwisho, nilikuta karai limewekwa pembeni ya goti langu, limejaa povu jeupe, zito. Bi Somoe alikuwa ameshageuza mgongo anarudi kwenye kigoda chake. Ikawa hivyo kila mara, mpaka nilipoondoka. Nilijiambia ameona namna ninavyofanya, anasaidia tu. Mwezi wa pili uhamisho ulikuja, nikaikabidhi pikipiki, nikamuaga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sanduku. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kweli. Nilikuwa nayo mdomoni tangu siku ile ya korongo, miezi saba. Nikasema, "Asante kwa yote, mama." Baadaye nilikuja kuishi hapa Nachingwea, nikaolewa, nikazaa, nikampelekea kanga mara mbili kupitia kwa Zuhura, na si mbali, mtu ukiamua ni safari ya siku moja. Sikuamua.

Juzi nilikwenda. Nilibeba mchele na sukari, nikashukia Ruangwa, nikachukua bodaboda. Kijana akaniuliza kama nimewahi kupanda pikipiki, mama, ushike vizuri. Nikamwambia nitajitahidi. Nyumba imeezekwa bati siku nyingi, zimeshaanza kushika kutu, na jiko liko palepale. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uwanjani. Nilikaa nao, tukala kwa mkono kutoka sinia moja, na baada ya kula Zuhura akaja akakaa karibu yangu. Yeye mwaka ule alikuwa Nachingwea anajifunza kushona, tulionana mara chache. Sasa ana mvi kunizidi.

"Dada," akasema polepole, "ile tairi uliipaka mafuta ya mama, sivyo?"

Nilimgeukia. "Nani alikwambia?"

"Mwenyewe. Kila mwaka tukipuliza salfa lazima asimulie. Anasema alinusa kidole akajua. Mafuta niliyatwanga mimi, anasema, nitakosaje kuyajua?"

"Alinichukia?"

"Akuchukie?" Zuhura akanishangaa. "Kwa korosho? Mikorosho si ilitoa tena mwaka uliofuata? Njaa tulishaizoea, dada. Kilichomuuma ni kingine. Alikuwa anasema, siku ile nilikuwa na sabuni, nche nzima, nimetoka kuinunua gulioni, iko pale jikoni kwenye kikapu. Nwali wangu kaogopa kuvuka uwanja." Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ndivyo alivyokuwa anakuita. Nwali wangu. Jirani akikutania anamwambia, nwache, atatoka tu."

Kwa hiyo hilo ndilo jibu ambalo sikulisikia kwa sababu ya redio. Nilikaa nikitazama vidole vyangu, vina mafuta ya pilau, na nikawaza yale makarai yote ya povu, moja baada ya jingine, ambayo kila moja lilikuwa linaniambia kwamba anajua na kwamba naweza kuja. Zuhura alinyanyuka akakusanya masinia, akaingia nayo jikoni. Watu walianza kuagana. Nami nikasimama, nikaenda mpaka kwenye mlango wa kile chumba changu cha mwisho, nikashika njia ya katikati ya uwanja, na kwa miguu yangu ya sasa zilikuwa hatua ishirini na tisa. Nikasimama kwenye mlango wa jiko.

"Hodi."

"Karibu, dada. Unatafuta nini?"

"Naomba sabuni," nikasema.